Supu ya Nyota

Joviale aliinua kifuniko cha sahani akaona samaki yuko vilevile alivyomwacha asubuhi. Fufu pembeni yake ilikuwa imeshaota ngozi. Baba mkwe wake, Muzee Adalbert, alikuwa ameegemea mito, uso ukielekea dirishani, ambako vumbi jeusi la barabara liliingia kila pikipiki ilipopita.

"Papa, hata kidogo?"

"Nimeshiba, mutoto yangu."

"Umeshiba nini, na jana pia haukukula?"

Muzee akatabasamu. Ugonjwa ulikuwa tumboni. Daktari alikuwa amewaeleza vizuri, kwa Kifaransa kwanza na halafu kwa Kiswahili, kwamba hakuna kisu wala dawa ya kuondoa kile kilichomo. Wamrudishe nyumbani. Wampe chochote atakachotamani, na wasimlazimishe asichokitaka. Mke wa muzee, Kahindo, aliyapokea maneno hayo kama mtu anavyopokea kitubio kutoka kwa padri, akafunga kitenge kiunoni na kuanza kupika. Alimpikia kuku wa kienyeji. Alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese, maharagwe ya kuponda, sambaza wabichi waliotolewa ziwani alfajiri. Vyote muzee alivionja, akashukuru, akavirudisha.

Kahindo aliingia na kitambaa chenye maji, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kumfuta shingo. Joviale alisimama mlangoni na sahani yake ya samaki.

"Adalbert, sema mwenyewe," Kahindo alisema. "Unatamani nini? Mi sitaki kubahatisha tena. Hata kama ni kitu cha Butembo, na barabara ni hii tunayoijua, nitatuma mutu."

Macho ya muzee yalikuwa yamechoka, lakini kitu fulani kilipita ndani yake, kama mtu aliyekumbuka wimbo.

"Ile supu ya nyota," alisema. "Ile niliyokuwa nakula kule Guangzhou. Hiyo tu."

Kitambaa kikasimama shingoni. Maji yakatiririka hadi kwenye kola ya pajama, na Kahindo hakuyafuta.

"Katika nyumba hii," alisema polepole, "hiyo supu haitapikwa."

"Najua," muzee alijibu kwa upole. "Nimesema kwa sababu umeniuliza."

Kahindo alinyanyuka, akamnyang'anya Joviale ile sahani bila sababu, akatoka nayo. Lile neno "najua" lilikuwa limemchoma kuliko supu yenyewe. Kwake yeye, mwanaume alikuwa amekiri.

Kwa Kahindo, Nyota lilikuwa jina la mwanamke. Alilipata kwa Pascasie, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akisafiri pamoja na Adalbert na wafanyabiashara wengine wa Butembo, siku zile walipokwenda Guangzhou, kwa Wachina, kununua viatu na sufuria na kuzileta kwa makontena. Pascasie alikuwa amesimama hapa hapa jikoni, na glasi ya juisi mkononi. "Usihuzunike juu ya njaa ya bwana yako," alisema akicheka. "Wanaume wetu kule wanakula kwa Nyota, mwanamuke wa kwetu, wa Kindu. Anawapikia mpaka wanasahau njia ya kurudi." Huenda ulikuwa mzaha tu. Kahindo hakuuliza. Safari iliyofuata Adalbert alirudi na mfuko mdogo uliofungwa uzi mwekundu, akamwambia, "Hiki ni cha ile supu ninayokula kule. Jaribu." Kahindo hakufungua hata fundo. Aliutumbukiza mfuko chooni na kumwambia, "Harufu ya kule, mimi siitaki hapa kwangu." Adalbert alimtazama, na hakuleta tena. Tangu hapo neno hilo halikutajwa katika nyumba yao, mpaka siku hiyo ya samaki.


Siku ya Alhamisi wamama wa shirika walikuja kumwombea mgonjwa. Walijaa chumbani, wengine wakakaa chini kwenye mkeka, na rozari ikaenda vizuri, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja. Kahindo alisali kwa bidii. Alimwomba Mama Maria amlainishe moyo, na mara alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" akajikuta anapita haraka.

Baada ya sala, Mama Louise, mwenyekiti wa shirika, alimkaribia mgonjwa. Alikuwa mama mnene mwenye kucheka, anayependwa na kuogopwa kwa mdomo wake.

"Papa Adalbert, unakula lakini?"

"Mama huyu ananipikia vizuri sana," muzee alisema, akitafuta pumzi. "Samaki, kuku, yote. Mimi ndiye mubaya. Natamani supu ya nyota, naye hataki."

Maneno ya Pascasie yalikuwa yamewafikia wao pia. Mtu mmoja akakohoa. Kahindo alikuwa ameshika sinia ya chai, na vikombe vikaanza kugongana.

"Eeeh, Papa!" Mama Louise akapasuka. "Hata kitandani? Basi ni kweli, kila muzee na nyota yake!"

Wamama wakacheka, viganja mdomoni. Na muzee akacheka pamoja nao, kicheko kidogo cha furaha, kwa sababu ilikuwa siku nyingi hajamchekesha mgeni. Yeye alikuwa akifikiri kitu kingine kabisa. Hakuona uso wa mke wake.

Kahindo aligawa chai. Alitia sukari kwa kila mmoja alivyopenda, akasema karibuni, akasema Mungu awabariki. Lakini walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni, mmoja akamshika mkono na kumnong'oneza kwa huruma, "Pole, mama. Wanaume ndivyo walivyo. Na huyo Nyota, eko hapa Goma ao alibakia kule?"

"Sijui," Kahindo alisema.

"Ni heri usijue."

Alirudi jikoni, akakuta Joviale ameinama juu ya babula, lile jiko la makaa, akipuliza makala. Joviale alikuwa binti wa upande wa Bukavu, Mushi kwa kabila, aliyeolewa na mtoto wao Benny. Benny mwenyewe alikuwa Bunagana wiki hiyo, mizigo yake imekwama mpakani, na mkewe alikuwa amebaki na wazee. Alimpenda baba mkwe wake. Na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumweleza kitu.

"Mama," alianza kwa woga, "mi naweza kuitafuta hiyo supu. Katika telefone kuna kila chakula. Tuone tu inapikwa aje, halafu tununue vitu vyake."

"Utapika nini?"

"Ile supu ya Papa."

"Joviale, unisikilize vizuri." Kahindo aliongea chini, ili sauti isifike chumbani. "Utamupikia baba mkwe wako chakula cha malaya?"

Joviale akainamisha kichwa na kuendelea kupuliza makala, ingawa yalikuwa yameshawaka. Hakuelewa. Alijiambia kwamba labda ni mwiko wa Wanande, kabila la wakwe zake, kwamba labda kuna supu ambayo mwanamke wa kwao hapaswi kuipika, na mgeni kama yeye haulizi mambo ya namna hiyo mara mbili. Tangu siku hiyo muzee alipomwita na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama amekubali?" alijibu, "Bado, Papa," na kutafuta kazi ya kufanya nje.

Wiki ikaisha hivyo. Muzee hakuomba tena. Aliendelea kupungua, saa ikilegea mkononi mpaka ikabidi aivue na kuiweka juu ya kiti. Kahindo alipika bila kupumzika, kwa hasira na kwa upendo, vyote katika sufuria moja, na chakula kikaliwa na majirani.


Jirani mmoja, aliyekuwa muuguzi, alimwambia Kahindo kwamba chai ya tangawizi na mdalasini inatuliza tumbo linalorudisha chakula. Tangawizi ilikuwepo kila mahali. Mdalasini, akamwambia, autafute Birere.

Kahindo alishuka kwa pikipiki hadi Birere, akapita katikati ya wauza sufuria na wauza mitumba, akisukumwa na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa magunia. Duka alilooneshwa lilikuwa jembamba kama ukumbi wa kuingilia nyumba. Rafu zilipanda hadi juu: tambi za Kichina katika karatasi nyekundu, chupa nyeusi, uyoga mkavu, mchele wa Wahindi, unga wa manjano wa kuri. Mbele, ndani ya beseni ndogo ndogo, kulikuwa na vitu vilivyopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye plastiki. Mwenye duka aliitwa Nyiramahirwe, mwanamke kijana mwenye kilemba cha kijani na mikono yenye haraka.

"Karibu, mama. Nikupatie nini?"

"Nataka..." Kahindo alikuwa amesahau jina. "Yale magamba ya muti. Ya chai."

"Magamba?" Nyiramahirwe alimgeukia msichana mmoja mnunuzi aliyesimama pembeni, wakacheka. "Magamba ni ya samaki, mama yangu. Unataka mudalasini."

"Ndiyo, hiyo."

"Si kosa. Wengine wanakuja wanasema nipe ile mbao tamu."

Kahindo alijilazimisha kutabasamu. Umri wake wote alikuwa amepika kwa chumvi, nyanya, kitunguu na mawese, na katika maduka kama haya alijiona mtoto. Nyiramahirwe alimwomba asubiri kidogo ili amalizane na yule msichana aliyefika kwanza.

"Na wewe, kipenzi? Umepata soya, umepata vitunguu saumu. Kitu gani tena?"

"Nyota," msichana alisema. "Uniwekee nyota ya kutosha, wageni wangu ni wengi."

Kahindo aligeuka kwa nguvu hadi kiwiko kikagonga chupa.

"Nyota nani?"

Wote wawili wakamtazama.

"Unasemaje, mama?"

"Huyu amesema Nyota. Ninauliza, Nyota nani?"

"Siyo nani, mama. Nyota nini!" Nyiramahirwe alicheka tena, lakini alipoona uso wa yule mama akaacha. Akaingiza mkono kwenye beseni, akatoa kitu na kukiweka katika kiganja cha Kahindo. "Hii hapa. Katika Kifaransa wanasema badiane. Sisi hapa sokoni tunaita nyota. Si unaiangalia ilivyo? Bachina wanatia ndani ya supu ya nyama. Bila hii, hiyo si supu yao."

Kilikuwa kitu kidogo, kikavu, cha rangi ya kahawia, chepesi kama mdudu aliyekufa. Pembe zake zilitawanyika kuzunguka katikati, na katika kila pembe kulikuwa na mbegu moja inayong'aa. Kahindo alikisogeza puani.

Aliijua harufu hiyo. Aliijua kama anavyoijua milango ya nyumba yake. Ilikuwa ndani ya mashati. Kila safari Adalbert aliporudi, Kahindo alifungua sanduku la mumewe na kukuta harufu hiyo tamu, ngeni, imekaa kwenye kola na mikono ya mashati, naye akajiambia haya ndiyo marashi ya mwanamke wa Kindu. Aliyaloweka mashati usiku kucha. Aliyafua kwa sabuni ya mche, akayafua tena, akayaanika juu ya mawe ya lava yaliyopata moto wa jua, na aliponusa na kukuta bado ipo, alilia peke yake nyuma ya nyumba. Halafu usiku alimgeuzia mumewe mgongo. Alifanya hivyo kwa miaka, na mwanaume yule hakuwahi kuuliza kosa lake.

"Mama, unaumwa?" Nyiramahirwe alimsogezea kiti cha plastiki. "Kaa kidogo."

"Inapikwa aje?" Kahindo aliuliza bila kukaa.

"Nini?"

"Hiyo supu. Niambie yote. Polepole."

Nyiramahirwe akamweleza. Achukue mifupa ya ng'ombe yenye nyama, aichemshe, amwage maji ya kwanza yenye povu. Atie maji mapya, tangawizi iliyopondwa, mdalasini, nyota, na soya. Aache ichemke taratibu mpaka nyama iachie mfupa.

"Soya ninayo nyumbani," Kahindo alisema. "Ya uji."

Yule msichana alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika kaunta. Safari hii Nyiramahirwe hakucheka. Alishusha chupa moja nyeusi na kuifuta vumbi kwa kanga.

"Hii, mama. Ya maji. Ile ya uji ukiitia, mugonjwa wako atakula tope. Ni mugonjwa, siyo?"

"Ni bwana yangu."

"Basi nakutilia nyota na ya kuongeza. Ile ya juu ni zawadi yangu." Akafunga vifurushi, akataja bei. Kahindo akatoa pesa na kumpa bila neno. Nyiramahirwe akashangaa, akamtazama kilemba na mkufu wake wa rozari, akasikia tena lafudhi yake kichwani. "Eh! Mama wa Butembo hapatani bei? Leo mvua itanyesha mawe!"

Lakini Kahindo alikuwa ameshatoka. Njiani, nyuma ya pikipiki, alishika mfuko kifuani kwa mikono miwili, na midomo yake ikawa inakwenda. Hakuweza kusali sala yoyote anayoijua. Alisema tu, "Bwana, unipe leo. Unipe leo tu. Unipe hii siku."


"Mama, tangu ulipotoka hata maji yanarudi," Joviale alimwambia mlangoni. "Muuguzi amepita. Amesema tulowanishe midomo yake tu kwa pamba. Amesema koo limefunga."

Kahindo aliweka mfuko juu ya meza.

"Washa babula."

"Mama, amesema asipewe kitu..."

"Nimesikia. Washa babula, mwanangu. Ile kubwa."

Joviale hakuwahi kuitwa mwanangu na mama huyu. Akawasha. Akakimbia kununua mifupa kwa mchinjaji wa karibu, na aliporudi akamkuta mama mkwe wake amepanga vitu vyote kwenye sinia, kimoja kimoja, kama mhudumu wa misa anayepanga altare. Joviale alichukua kile kidogo chenye pembe, akakigeuza.

"Hii ni nini?"

"Ni nyota," Kahindo alisema. "Hii ndiyo nyota."

Joviale alikitazama kile kitu, halafu akamtazama mama mkwe wake, halafu tena kile kitu. Maneno ya siku ile kando ya makala yakamrudia, yakajipanga yenyewe. Aliona aibu kwa niaba ya mwingine, ile aibu inayomfanya mtu ashushe macho. Akaanza kuponda tangawizi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Walimwaga maji ya kwanza. Walitia mengine. Kahindo alikaa kwenye kigoda mbele ya sufuria, rozari mkononi, na hakuondoka hata mara moja. Supu iligeuka rangi taratibu. Harufu ilianza jikoni, ikapanda kwenye ukuta wa mbao, ikaingia sebuleni, ikapita pazia la chumba cha mgonjwa. Makala yalipokuwa yamekwisha nusu, walisikia sauti.

"Kahindo."

Alisimama haraka, goti likamuuma.

"Niko hapa."

"Nani anapika?"

"Ni mimi."

Muzee akasema, polepole, na kila neno likihitaji pumzi yake, "Nilifikiri unachukia harufu yake."

Kahindo alisimama kwenye pazia. "Nani alikuambia?"

"Wewe mwenyewe. Si ulitupa ule mufuko chooni. Nikasema, basi, mwanamuke wangu hapendi harufu hii. Nikawa nakula kule kule tu, na shati nabadilisha kabla ya kupanda ndege. Lakini ilikuwa inabakia."

Kahindo alirudi kwenye sufuria, akapakua bakuli kubwa, la watu wawili, akalibeba kwa kitambaa. Joviale alimfuata na kijiko. Walimwinua muzee, mito ikaongezwa mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutisha. Kahindo alipuliza kijiko cha kwanza mpaka kikapoa kabisa, akakifikisha kwenye midomo. Muzee alifumba macho na kupokea. Shingo yake ilikazana, ikajaribu, ikajaribu tena. Halafu supu ikarudi na kushuka kidevuni.

"Tujaribu kidogo zaidi. Tone tu."

Tone nalo likarudi.

"Acha, mama," muzee alisema alipopata pumzi. "Imefika puani. Inatosha. Sasa kula wewe."

"Mimi?"

"Kula, mi nikuone. Kule nilikuwa nikikula, najiambia, Kahindo angeonja hii, angesema imekosa chumvi."

Kahindo akaketi, bakuli magotini. Akala kijiko kimoja. Ilikuwa moto, tamu kwa mbali, yenye ukali wa tangawizi uliokuja baadaye. Akameza.

"Nani alikufundisha kuila?" aliuliza.

"Mama mumoja Muchina, muzee kabisa, kando ya soko la viatu. Alikuwa na kigari cha kusukuma." Muzee alipumzika, kisha akaendelea. "Alikuwa hajui hata neno la Kifaransa. Siku moja nikaokota ile kitu katika bakuli yangu, nikamuonesha, nikasema nyota. Akacheka. Tangu hapo, akiniona tu kwa mbali, anapiga kelele soko zima, nyota, nyota! Ni neno moja tu la Kiswahili nililomufundisha."

Joviale alicheka kidogo. Kahindo hakucheka. Alikuwa anakoroga supu bila kuila.

"Na yule mama Mukongomani?" alisema, macho yakiwa ndani ya bakuli. "Aliyekuwa anawapikia."

"Nani? Wa Kindu? Nyota?" Muzee alilitaja jina kama mtu anavyotaja kituo cha basi. "Yule anatia mafuta mingi. Nilikula pale mara moja, nikaumwa tumbo mpaka..."

Neno alilotoka kulisema lilikuwa limebaki hewani, na sasa yeye mwenyewe alilisikia. Aligeuza kichwa juu ya mto, taratibu, akamtazama mke wake. Alitazama mikono yake juu ya kijiko, kilemba chake kilicholegea, uso wake ulioinama. Joviale alirudi nyuma, akatoka kwa kunyata na kuvuta pazia.

"Kahindo."

"Ndiyo."

"Ilikuwa ni jina?"

Kahindo alitikisa kichwa kukubali, mara moja.

"Miaka hiyo yote?"

Nje, pikipiki zilipita na mtoto wa jirani akamwita mwenzake. Kahindo alikuwa na maneno mengi ya kusema. Alitaka kumweleza juu ya mashati, juu ya Pascasie na glasi yake ya juisi, juu ya wamama wa shirika waliocheka na sinia ilivyotetemeka. Lakini kila alipolitafuta la kwanza, aliona kwamba yote yalikuwa ni lawama, na lawama hiyo haikuwa na mtu wa kuipokea isipokuwa yeye.

Muzee alinyoosha mkono mpaka ukafika kwenye goti lake, akauacha pale. Hakumkaripia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemkaripia.

"Kula," alisema. "Itapoa."

Akala. Kijiko baada ya kijiko, na muzee akimfuata kwa macho kila mara kijiko kilipopanda, midomo yake ikifunguka kidogo, kama mzazi anayemlisha mtoto na kujisahau.

"Iko aje?" aliuliza.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kupika kwa mikono yake, na chumvi ilikuwa kamili. Angeweza kuwa ameipika kila Jumapili, mezani, watoto wakiwa wadogo, Adalbert akiwa na meno yake yote na tumbo lake zima.

"Imekosa chumvi," Kahindo alisema.

Mabega ya muzee yakatikisika bila sauti. Alikuwa anacheka. Kisha akafumba macho, mkono ukiwa bado gotini mwake, na Kahindo akaendelea kula, mpaka mwisho, peke yake, bakuli la watu wawili.